Daftari la Hasira za Fahmi

Jumanne, 8 Aprili 2025

Daktari Cherono amenipa daftari hili leo, akaniambia niandike kila siku mambo matatu ya mpwa wangu Fahmi: amelala vipi, amekula nini, na kama amekasirika. Nikamwambia mara yangu ya mwisho kuandika kitu kirefu ilikuwa barua ya kuomba ruhusa shuleni, na hata hiyo aliniandikia dada yangu. Akacheka, lakini daftari hakulichukua.

Basi tuanze. Mimi ni Obeid, fundi wa chokaa, miaka hamsini na tatu. Wenye nyumba za mawe hapa Lamu hunisahau mwaka mzima, mvua ikianza kuwachuruzikia kitandani hunikumbuka kwa jina langu na la babu yangu. Fahmi ni mtoto wa dada yangu Ummu. Ana miaka ishirini na sita, ndiye anayenichanganyia chokaa. Ni mpole, hata paka humlalia miguuni akiwa kazini. Halafu kitu kidogo kikimgusa, mlango uliogoma au kicheko asichokielewa, uso humwiva, jasho humtoka, na yule Fahmi wetu hayupo tena. Mwezi wa pili walimtoa damu, yeye na mama yake, ikapelekwa mbali. Majibu bado.

Leo amelala vizuri. Amekula wali kwa samaki. Hakukasirika. Mimi nimekasirika kidogo, lakini sikuulizwa.

Jumatano, 9 Aprili

Amelala. Amekula. Hapana neno.

Ijumaa, 11 Aprili

Daktari amesema mpaka majibu yaje Fahmi asile papa mkavu wala kitu chochote kilichochachuka, eti vinaweza kumpandisha kichwa. Ummu hapiki vyungu viwili. Kwa hivyo papa amehama nyumba, na mimi nimefiwa.

Baada ya Alasiri walikuja wazee wa Taufiq kumposa Shifaa, dada yake Fahmi. Mambo yalikwenda kwa adabu, kahawa na halua, mpaka mzee mmoja akajikohoza na kuuliza lile lililowaleta hasa.

"Bwana Obeid, sisi hatuna shaka na binti. Ila huyu nduguye… watu wanasema."

Kwetu mjomba ndiye anayeulizwa, na mjomba ndiye anayejibu. Nikasema, "Watu wanasema kweli. Lakini Fahmi ni damu ya babake Mahir, ya Kililana. Shifaa ni wetu. Mnajua wenyewe, kwa kina Mahir hata jogoo hawiki, hutukana."

Wakacheka mpaka vikombe vikatikisika. Mzee akanishika goti. "Basi hapana neno?"

"Hapana neno."

Nikah itakuwa Ijumaa ya tarehe ishirini Juni, inshallah.

Daktari, mzaha ule wa jogoo ni wangu, tena wa zamani. Niliutunga barazani miaka kumi na minane iliyopita, Fahmi alipokuwa wa miaka minane na amempiga mwalimu wa chuo cha Kurani kwa ubao wake. Ulizunguka mji mzima kabla ya Magharibi. Mwaka ule ule Ummu alidai talaka yake, na Mahir akarudi kwao bara kulima. Niandike na hili: sijapata kumwona Mahir akimpiga mtu. Alikuwa na sauti nzito na mkono mpana, nasi yaliyobaki tukayajaza wenyewe.

Jumanne, 15 Aprili

Mvua. Chokaa haikauki. Amelala.

Jumamosi, 19 Aprili

Nilikwenda kwa sheikh kupanga ile nikah. Nilijiandaa kabisa, hata sauti ya kuozeshea nimeifanyia mazoezi chooni. Sheikh akanitazama kwa huruma.

"Bwana Obeid, wewe ni mjomba. Mjomba si walii wa kuozesha. Katika ndoa hii wewe ni mgeni mwenye haki ya pilau."

"Lakini mimi ndiye niliyemlea!"

"Mwenyezi Mungu atakulipa. Babake yu hai?"

"Yu hai."

"Basi nenda kamwombe."

Jumanne, 22 Aprili

Nimekwenda Kililana. Boti mpaka Mokowe, halafu bodaboda kwenye ndia ya matope, nimemkumbatia dereva kama mchumba.

Mahir alikuwa shambani akipalilia mahindi. Nywele zimekuwa nyeupe zote. Alinijua kabla sijateremka, akachomeka jembe, akafuta mikono kwenye shuka, akanipa mkono. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Nilikuwa na majibu matatu mazuri, yote yameharibika.

"Bi Ummu hajambo?"

"Hajambo."

"Na watoto?"

Nikamweleza la Shifaa. Aliinama akang'oa gugu moja kwenye miche yake. "Nitakuya," akasema. "Tarehe ishirini. Hata mvua ikitaka kunizuia nitakuya." Halafu akauliza, kwa sauti ya chini, "Na Fahmi? Bado?"

"Bado."

Akatikisa kichwa. "Mtoto nimemponza," akasema.

Nikamwambia ni majaaliwa. Nilisema hivyo, Daktari, kwa upole wa mtu anayesamehe, kama kwamba kulikuwa na kitu chake cha mimi kusamehe. Leo naandika nimechoka tu, lakini neno lile bado nalirudia na sijui kwa nini.

Fahmi amelala. Amekula.

Jumamosi, 26 Aprili

Hapana neno.

Alhamisi, 1 Mei

Kichwa kinamuuma. Uso mwekundu tangu asubuhi. Nilimwacha nyumbani, mvua nayo ilinisaidia kuwa na kisingizio.

Jumatatu, 5 Mei

Kichwa kimetulia. Tumeanza kazi kwa Bi Radhiya, ukuta wa zidaka, vile vishubaka vya chokaa vya kuwekea vyombo. Safu tatu. Fahmi ana mkono mzuri wa kulainisha. Bi Radhiya amesema kazi yake ni bora kuliko yangu. Nimesema ni kweli, nami ndiye niliyemfundisha, kwa hivyo sifa ni yangu. Akaniambia nitoke kwenye mwanga.

Alhamisi, 8 Mei

Niandike pole pole.

Asubuhi Ubaid alileta mchanga kwa punda wake. Ubaid si mtu mbaya, ni mtu asiyejua kunyamaza, na kwa hilo tu ni ndugu yangu. Punda akaingia mpaka uani akaigusa ndoo ya chokaa, ikamwagika. Fahmi akasema, "Mtoe punda wako, Ubaid." Akasema vizuri kabisa, nilisikia.

Ubaid akacheka. "We nawe usinikaripie. Mwana wa Mahir! Kwenu hata jogoo hawiki, hutukana."

Hakuna aliyenitazama. Ubaid hata hakumbuki nani aliyeyasema kwanza, yeye ameyakuta mjini kama alivyovikuta vichochoro. Lakini mimi nilikuwa juu ya ngazi na mwiko mkononi, nikayasikia maneno yangu yakiingia uani kwa mdomo wa mtu mwengine.

Fahmi alianza na ukuta. Zidaka zote za safu ya chini, kazi ya siku nne, alizivunja kwa ngumi. Nikamwita. Nikamwita kwa jina la babu yake, nikamwita mwanangu. Hakusikia, macho yake yalikuwa yananipita. Ubaid badala ya kukimbia akasimama kumtetea punda, maskini, na Fahmi akamshika mkono akauzungusha. Nilisikia mlio wa mfupa kabla ya ukelele.

Halafu ikaisha, kama mvua ya Mei inavyoisha, ghafla. Fahmi akaketi chini. Shati limeloa jasho, uso kama umechemshwa. Akatazama ngumi zake, damu na chokaa, akasema, "Mjomba, nimefanya nini?" Akauliza kweli. Akajikokota mpaka kwa Ubaid, akataka kumwinua, na Ubaid akapiga kelele zaidi.

Ubaid amefungwa plasta. Kuanzia Adhuhuri mpaka Ishai nimekaa kwao nikiomba wasiende polisi. Mamake akasema, "Tumesamehe kwa ajili ya Bi Ummu. Si kosa la mtoto yule. Ni damu ya babake."

Nikasema, "Naam."

Ijumaa, 9 Mei

Hakuamka. Hakula. Amegeukia ukutani.

Jumanne, 13 Mei

Mvua tangu alfajiri. Amekula uji. Amekwenda mwenyewe kwa Ubaid kumwomba radhi, akamwogesha punda.

Jumatano, 14 Mei

Majibu yamekuja. Daktari, wewe ulikuwapo, lakini naandika nione kama nimeelewa.

Uliniambia, "Mzee Obeid, ubongo hutumia kemikali kupitisha habari. Kemikali ikimaliza kazi yake inatakiwa ifagiliwe. Kuna kimeng'enya cha kufagia, na kuna jeni inayokitengeneza. Ya Fahmi ina kasoro."

"Kwa hivyo hafagiliwi."

"Hafagiliwi. Zinarundikana. Jambo dogo linamfikia likiwa kubwa."

Nikauliza kama ndiyo iliyomvunja Ubaid mkono. Ukakataa haraka. Ukasema jeni haimtumi mtu kumvunja mwenziwe mkono, inamfanya azidiwe upesi tu. Kuna watu wenye kasoro kama hiyo na hawajampiga mtu. Mengine ni maisha: amelelewaje, amelala vipi, ameitwa nani. Hilo la mwisho ulilisema tu kwa kupita, ukifungua droo. Ukasema kuna vidonge vya kujaribu, na chakula tuendelee kukichunga.

Kisha nikasema lile la kawaida, "Basi ndiyo damu ya babake."

Ukainua uso. "Hapana. Jeni hii iko kwenye kromosomu X. Mwanamume anayo moja tu, na huipata kwa mama. Baba humpa mwanawe wa kiume Y. Hapa baba hana mkono kabisa. Na damu ya Bi Ummu tumeipima, anayo."

"Dada yangu hajawahi kumfokea hata kuku!"

"Ana X mbili. Ile nzima inamsaidia. Mama yenu alikuwa na ndugu wa kiume?"

Alikuwa naye. Mjomba wetu Dawud wa Kizingitini, aliyevunja mlango wa msikiti kwa sababu ya kiatu kilichopotea, aliyechoma nyumba yake mwenyewe mchana kweupe kisha akakaa nje analia. Sisi tulisema Mjomba Dawud ana jini. Tulimwandikia kombe, aya kwenye sahani kwa zafarani, akanywa, tukamwonea huruma. Kwa wetu tuliita jini. Kwa mwana wa Mahir tukaita damu.

"Na mimi?" nikauliza.

"Wewe ulipata ile nzima. Bahati tu."

"Na Shifaa?"

"Nusu kwa nusu. Akitaka, atapimwa. Akiwa nayo yeye hatadhurika sana, lakini wanawe wa kiume wanaweza."

Alhamisi, 15 Mei

Amelala. Mimi sikulala, lakini hilo si la daftari hili.

Jumanne, 20 Mei

Nimemwambia Ummu. Alikuwa anasuka ukili wa mkeka. Hakuacha kusuka.

"Kwa hivyo ni mimi," akasema.

"Si wewe. Ni jeni."

"Imetoka kwangu, ikaingia kwake. Ni mimi." Vidole vikaendelea. "Na Mahir?"

"Hana mkono."

Hapo akaacha. Alinitazama kama mtu anayeangalia nyumba aliyowahi kuishi. "Nilimpenda mume yule, Obeid. Ulinijia kabla sijadai talaka ukaniambia nikizaa naye mwengine atakuwa kama Fahmi. Unakumbuka?"

Sikuwa nakumbuka. Sasa nakumbuka.

Nikamwambia ni lazima tuwaambie kina Taufiq, mimi ndiye niliyewaambia hapana neno. Na Mahir pia.

"Ukimsafisha Mahir mbele ya watu, unamchafua Shifaa mbele ya watu wale wale," akasema. "Mwezi mmoja tu umebaki. Nyamaza, kaka. Mara moja maishani mwako, nyamaza."

Jumatano, 21 Mei

Nimenyamaza.

Jumamosi, 24 Mei

Vidonge vimeanza. Amelala mpaka saa mbili. Mvua. Nimenyamaza.

Jumanne, 3 Juni

Fahmi amerudi kwa Bi Radhiya na kujenga upya safu yote ya chini peke yake. Mlango uligoma, akavuta pumzi, akautazama, akaja kuniita nimfungulie. Nilitaka kumbusu. Nikamwambia mkono wa chokaa usiniguse kanzu.

Jumapili, 8 Juni

Shifaa alikuja kunipa kaimati, akakaa.

"Mjomba, Mama ananitazama vibaya. Nikimuuliza anasema ni uchungu wa harusi. Mimi si mtoto."

Nilijaribu kuingia kwa mzaha. Nikasema, unajua, wewe ni wetu zaidi ya tulivyodhani. Hakucheka. Basi nikamwambia yote, moja baada ya moja, na kila nilipotaka kuzunguka alinirudisha ndiani kama punda.

Nilipomaliza alikuwa amekunja kitambaa cha kaimati mara nyingi mpaka kikawa kama sanduku dogo.

"Mlijua lini?"

"Tarehe kumi na nne Mei."

"Na mlikuwa mnaningoja niolewe."

Nikaisogeza sahani ya kaimati upande wake.

"Mjomba, ulinisemea hapana neno. Sasa niache nijisemee mwenyewe."

Alhamisi, 12 Juni

Shifaa amemwambia Taufiq, mbele ya mamake Taufiq, hapa kwetu ukumbini. Amesema atapimwa, lakini majibu yatachukua miezi, na hataki kumficha mtu. Taufiq alilia. Mamake hakulia. Aliuliza tu, kwa adabu kubwa, kama Mjomba Dawud ni yule wa Kizingitini.

Jumamosi, 14 Juni

Shangazi yake Taufiq amekuja na sahani ya visheti. Amesema Shifaa ni binti bora kuliko wote waliopata kuwaona. Amesema tusubiri kidogo. Sisi hapa tukisema tusubiri kidogo na tukaleta visheti, imekwisha.

Shifaa amevila viwili mbele yake na kumshukuru. Alipotoka akaenda chumbani akafunga mlango, na Fahmi akakaa nje ya mlango ule mpaka Magharibi.

Jumapili, 15 Juni

Nimpigie Mahir, asije bure. Mtandao umepotea kwa mvua. Kesho.

Jumatatu, 16 Juni

Mtandao umerudi. Kesho.

Jumatano, 18 Juni

Nilipiga, nikakata kabla haijaita. Sijui namna ya kumwambia mtu kwa simu. Kesho.

Ijumaa, 20 Juni

Alikuja na boti ya kwanza. Nilimkuta gatini kwa sababu mguu ulinipeleka, si kwa sababu nilikuwa na ujasiri. Kanzu nyeupe imepigwa pasi, mikunjo imesimama, chini matope yameirukia mpaka magotini. Kofia mpya. Gunia la nazi begani.

"Bwana Obeid, nimechelewa?"

"Hukuchelewa. Hakuna harusi."

Akaliteremsha gunia. Tukakaa pale kwenye ngazi, nikamwambia yote. Aliniuliza jambo moja tu. "Daktari amesema baba hana mkono?"

"Hana."

"Sema tena."

Nikasema tena. Akanitaka niseme mara ya tatu, akisogeza midomo pamoja nami kama mtoto anayehifadhi sura.

Nyumbani Shifaa alimbusu mkono na hakuuachia. Ummu alizungumza naye kutoka nyuma ya pazia, sikusikiliza. Fahmi alisimama mlangoni akimtazama yule mzee mwenye mikono kama yake.

Baada ya sala ya Ijumaa nilimwomba Mahir afuatane nami barazani. Watu walikuwa wamejaa, Ubaid naye na mkono wake wa plasta. Nikasimama, nami huwa nasema nikiwa nimekaa. Nikasema, "Jamaa, miaka kumi na minane nimewaambia hasira za Fahmi ni damu ya Mahir. Nilisema uongo. Imepimwa. Ni yetu sisi, upande wa mama, ndiyo iliyokuwa kwa Mjomba Dawud. Mahir hana lake hapo. Mnisamehe, na yeye anisamehe."

Nyuso zote ziliniinukia zikiwa zimechangamka, nusu ya tabasamu tayari. Wakangoja.

"Enhe," akasema Ubaid. "Maliza basi, Bwana Obeid. Mwisho wake uko wapi?"

"Huo ndio mwisho."

Na wakacheka. Wallahi, wakacheka, mmoja akanipiga bega. Niliyasema tena. Wakacheka zaidi. Mahir akanigusa mkono akasema, "Twende. Nimesikia mimi."

Tulimsindikiza gatini. Fahmi alikuwa mbele amebeba gunia tupu. Mahir akapunguza mwendo.

"Pale Kililana kulikuwa na mjane, Aaliya," akasema. "Mwaka wa pili nilipotoka hapa. Watu walitaka tuoane, na mwenyewe alikuwa radhi. Akaniletea chakula mwezi mzima. Nikakataa. Akaja wa pili, nikakataa."

"Kwa nini, Mahir?"

Akashangaa kwamba nauliza. "Si mlinambia damu yangu ni mbovu? Niliwaamini. Nilikuwa namwona Fahmi anavyoteseka. Nikasema yatosha, nisimzae mwengine." Akatazama maji. "Nilikuwa na miaka arubaini na mitatu. Nilikuwa nataka watoto, Bwana Obeid."

Hakusema kwa hasira. Laiti angesema kwa hasira.

Akateremka ngazi, Fahmi amemshika kiwiko asiteleze. Nilitafuta neno la kumwambia. Boti ilipokwisha kupita mbele ya mji na kugeukia Mokowe, nilikuwa bado nalitafuta.